Diski ya picha imekufa, bekapu ni ya kabla ya Ramadhani: nianzie wapi?

Swali

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mpiga picha za harusi, niko Tanga. Picha zangu zote tangu 2015 zilikuwa kwenye diski ya nje ya terabaiti 2, na kazi ya kuzichagua na kuzirekebisha naifanya kwenye Lightroom Classic, laptopu ya Windows. Wiki iliyopita diski ilianguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi. Sasa nikiichomeka inalia tik-tik-tik na kompyuta haiioni. Ninayo diski nyingine niliyonakilia kila kitu kabla ya Ramadhani, lakini harusi za mfungo mosi na mfungo pili hazimo. Nikifungua Lightroom, folda zote zina alama ya kuuliza. Fundi mmoja anasema diski niiweke kwenye friji, mwingine anataka kuifungua aone ndani. Je, nifute hizo folda zenye alama ya kuuliza, nianze upya kuingiza picha kutoka kwenye bekapu?"

Jibu

Dada, pole sana. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloweza kukuharibia mengi kwa dakika moja. Usifute. Usiondoe folda hata moja yenye alama ya kuuliza. Friji hapana, kufungua diski hapana. Na kuna jambo hukuliuliza ambalo ni la leo hii: memori kadi zote ulizopigia tangu baada ya Idi ziondoe kazini. Kama una harusi Jumamosi, azima kadi au nunua mpya. Nitaeleza sababu mbele, ila kadi zisisubiri mpaka umalize kusoma.

Hali yako si mbaya kama unavyoiona. Kwa kuwa Lightroom inafunguka na folda zinaonekana, katalogi yako iko salama kwenye laptopu, haikuwa kwenye diski iliyoanguka. Wapiga picha wengi hudhani picha zimo ndani ya Lightroom. Hazimo. Katalogi ni kama daftari la bohari: limeandikwa mzigo gani upo, upo rafu gani, nani aliugusa na alifanya nini, lakini mzigo wenyewe uko bohari. Bohari limebomoka, daftari umelishika mkononi. Ndani yake kuna kila nyota uliyoipa picha, kila rangi uliyorekebisha, kila ulichokata pembeni, pamoja na njia kamili ya kila faili, ikiwemo ya zile harusi za mfungo mosi. Ukifuta folda zile unachana kurasa za daftari. Ukiingiza picha upya kutoka kwenye bekapu utapata picha mbichi, na kazi yako ya miaka kumi itakuwa imekwenda ilhali picha zipo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua Lightroom tena, tafuta folda ilimo katalogi. Kwa kawaida iko ndani ya folda ya Pictures, na utalikuta faili lenye mwisho wa .lrcat na karibu yake folda zenye mwisho wa .lrdata. Nakili folda yote, pamoja na hizo za .lrdata, kwenye flashi au diski yoyote nzima. Zile .lrdata zina picha za onyesho ambazo Lightroom ilizitengeneza ili ifanye kazi haraka, na huenda tukazihitaji. Kwa mpangilio wake wa kawaida programu hufuta zile za ukubwa kamili baada ya siku 30, ndiyo maana nataka uwe na nakala kabla haijapata nafasi ya kufanya usafi.

Sasa diski inayolia. Ndani ya diski ya aina hiyo kuna sahani zinazozunguka kwa kasi na vichwa vidogo vinavyosoma vikielea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Ikianguka huku inazunguka, vichwa hugonga sahani. Huo mlio ni kichwa kinachojaribu kusoma, kinashindwa, kinarudi nyuma, kinajaribu tena, na kila ukiichomeka kinaweza kukwaruza zaidi palipo na picha. Chembe ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko ile nafasi kati ya kichwa na sahani, kwa hiyo fundi anayeifungua juu ya meza ya duka anamaliza kilichobaki, hata akiwa hodari kiasi gani kwa kazi nyingine. Friji inaleta unyevu ndani, na kwa hewa ya pwani ukiitoa tu inatoka jasho. Ichomoe, izungushie kitambaa laini, andika tarehe, iweke kabatini. Tutairudia mwishoni, baada ya kujua hasa nini hakipatikani kwingine.

Tukija kwenye bekapu, hapa ndipo nataka uende polepole kuliko popote. Tangu wiki iliyopita hiyo si bekapu tena. Ndiyo nakala pekee ya picha zako za miaka kumi, na urejeshaji ndio wakati ambao watu hupoteza nakala ya pili: wanaichomeka kwa haraka, wanafungua Lightroom juu yake, wanahamisha folda badala ya kunakili, au Windows inawauliza kama wanataka kuifomati nao wanabonyeza ndiyo. Usifanye kazi juu ya diski hiyo hata kidogo. Inasomwa tu, na inasomwa mara moja, kwenda kwenye diski mpya.

Diski mpya inunue kwenye duka unaloweza kulirudia ukalalamika. Sokoni zimejaa diski na flashi za bandia, zimeandikwa terabaiti 8 au 16 kwa bei ya chakula cha mchana, kumbe ndani kuna gigabaiti 64. Hizo hazikatai kupokea. Zinapokea kila kitu, zinaonyesha majina ya mafaili vizuri kabisa, halafu picha zinakuwa hazifunguki. Kabla ya kuweka chochote ipime kwa programu ya bure iitwayo H2testw: inajaza diski yote kisha inasoma tena ilichoandika, na inakuambia kama vinalingana. Kwa diski ya terabaiti 2 itakula usiku kucha na saa kadhaa za asubuhi. Ipe usiku huo. Umeme ukiwa wa kukatikakatika, hakikisha betri ya laptopu ni nzima au azima UPS, kile kifaa cha kuhifadhi umeme, kwa kipimo hiki na kwa kazi ya kunakili itakayofuata.

Usinakili kwa kuburuta folda kwa kipanya. Windows ikikutana na faili moja bovu katikati inasimama kukuuliza, na ukiwa umelala unaamka asubuhi kazi imeganda robo. Tumia programu ya kunakili iitwayo TeraCopy, ambayo inaendelea, inaandika orodha ya yaliyoshindikana, na mwisho inalinganisha kila nakala na asili yake ukiwasha uhakiki. Ukiwa mtu wa kuandika amri, robocopy, amri ya kunakili ya Windows, yenye /E inatosha, ila usiongeze /MIR kamwe. Hiyo inaifanya diski ya pili ifanane kabisa na ya kwanza, hata kwa kufuta, na ukikosea upande upi ni wa kutoka na upi ni wa kwenda, itafuta bekapu ili ifanane na diski tupu. Nimeona watu wakilia kwa herufi hizo tatu.

Angalia pia tundu unalochomekea. Ukikadiria terabaiti 1.2 za picha, USB 3 kwa diski ya kuzunguka inachukua kama saa tatu na nusu ikienda megabaiti 100 kwa sekunde. Ukichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2, kazi ile ile inakaribia saa kumi. Saa nyingi maana yake ni nafasi nyingi za umeme kukatika au mtoto kuvuta waya. Ikimaliza soma ile orodha ya makosa. Mafaili mawili matatu yaliyoshindikana ni ya kawaida kwenye diski iliyokaa, yaandike pembeni. Yakiwa mamia, simama hapo hapo, usirudie kunakili, kwa sababu diski ya bekapu nayo inaugua. Hapo inahitaji ddrescue, programu ya bure ya Linux inayosoma kwanza sehemu nzima na kuziacha ngumu kwa mwisho, na kwa hilo tafuta mtu anayeijua. Wala usikubali Windows "irekebishe" diski kama hiyo kwa chkdsk, amri yake ya kukagua diski, maana inaandika juu ya kitu kinachokufa.

Uhakiki ukipita, chomoa bekapu, irudishe kabatini. Kuanzia hapa unafanya kazi na diski mpya peke yake.

Sasa unganisha daftari na bohari jipya, na sehemu hii itakufurahisha. Kwenye Windows, Lightroom inaitambua diski kwa herufi yake. Fungua Lightroom, tazama upande wa kushoto kwenye orodha ya folda, utaona diski ya zamani ilikuwa herufi gani, tuseme F. Funga Lightroom. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management, kisha ipe diski mpya herufi hiyo hiyo. Kama folda zimepangwa vile vile zilivyokuwa, yaani folda kuu ina jina lile lile na iko mahali pale pale, ukifungua Lightroom alama za kuuliza zitatoweka zenyewe kwa miaka yote hadi Ramadhani, na kazi yako yote itakuwepo. Kama wakati wa kunakili kabla ya Ramadhani ulitumbukiza kila kitu ndani ya folda nyingine, iitwe labda BEKAPU, haitapatana. Ama toa folda hizo nje zikae kama zamani, ama bonyeza folda ya juu kabisa kwa kitufe cha kulia, chagua Find Missing Folder, uionyeshe ilipo. Ionyeshe ya juu tu, zilizo chini yake zitaifuata.

Onyo moja hapo: ukikuta kwenye bekapu kuna katalogi ya zamani, usiifungue kwa kudhani ndiyo "iliyorejeshwa". Ya laptopu ni mpya kuliko hiyo kwa miezi kadhaa.

Picha zikishaonekana usiridhike na vijipicha vidogo, kwa sababu hivyo vinatoka kwenye laptopu, havithibitishi kwamba faili ni zima. Chagua mwaka mmoja mmoja, iambie Lightroom itengeneze picha za onyesho za ukubwa kamili, uiache ifanye kazi usiku. Ili itengeneze lazima isome faili zima, na lililooza litajitokeza: nusu ya chini kijivu, mistari ya zambarau, au ujumbe kwamba halisomeki. Ni kazi ndefu, lakini ni afadhali ujue sasa, wakati bado unatafuta, kuliko bi harusi wa 2018 akuombe picha ya marehemu mama yake nawe ndiyo ukague siku hiyo.

Tumebaki na mfungo mosi na mfungo pili. Ndani ya Lightroom, kwenye menyu ya Library, kuna amri iitwayo Find All Missing Photos. Ibonyeze. Itakukusanyia mahali pamoja kila picha ambayo daftari linaijua lakini bohari halina: jina la faili, saa iliyopigwa, kamera iliyoipiga, nyota ulizoipa. Watu wengi waliopoteza diski wanahangaika kukumbuka walikuwa na nini. Wewe utakuwa na orodha kamili. Iandike kwenye karatasi harusi kwa harusi: tarehe, kamera, idadi ya picha, na ngapi kati yake ulizichagua. Utagundua kwamba kati ya picha elfu mbili za harusi moja, zile zinazouma kweli ni mia tatu nne, na huo ndio mzigo wa kuutafuta kwanza.

Kadi ndizo za kwanza. Kamera nyingi zinapofomati kadi hazifuti picha, zinafuta orodha tu. Picha zinakaa pale pale mpaka upige nyingine juu yake, ndiyo maana nilikuambia uziondoe kazini. Kadi za SD zina kitufe kidogo ubavuni, kisukume kwenye kufuli. Kisha tumia PhotoRec, ya bure, iliyoandikwa na Christophe Grenier. Inatafuta picha kwa umbo la faili lenyewe bila kutegemea orodha iliyofutwa, na inatambua mafaili ghafi (RAW) ya Canon, Nikon, Sony na wengineo. Ihifadhi inachokipata kwenye laptopu au diski mpya, kamwe isiwe kwenye kadi hiyo hiyo. Majina yatapotea, utapata mafaili yenye majina ya herufi na namba tu, lakini saa ya kupigwa imo ndani ya faili, na programu ya ExifTool inaweza kuyapa yote majina kwa tarehe na saa kwa amri moja. Linganisha saa hizo na orodha yako. Faili ukilirudishia jina lake la zamani na kuliweka kwenye folda yake ya zamani, Lightroom italipokea pamoja na marekebisho yako yote. Kwa mamia ya picha inachosha. Anza na zenye nyota.

Baada ya kadi, watu. Kama ulikuwa na mpiga picha msaidizi, mpigie leo kabla naye hajasafisha laptopu yake. Maabara iliyochapa albamu huenda bado ina mafaili uliyowatumia. Na maharusi wenyewe wana flashi uliyowakabidhi. Usione haya kuwaambia ukweli: diski ya kazi imeharibika, naomba ninakili flashi yenu ili niendelee kuwahifadhia. Wengi watashukuru kwamba kuna mtu anajali. Nenda na laptopu unakili hapo hapo, au wakikutumia kwa WhatsApp waombe watume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa ukubwa na inapoteza taarifa za ndani. Hizo zitakuwa JPEG ulizokwisha kumaliza, hazitaungana na kumbukumbu za mafaili ghafi kwenye katalogi, kwa hiyo ziingize kama picha mpya ndani ya folda ya harusi ile.

Kama simu yako inapakia picha kwenye Google Photos, tazama na huko, kwa zile ulizohamishia kwenye simu kuwaonyesha wateja. Kuzishusha zote kwa mkupuo tumia Google Takeout, na ujue kwamba tarehe ulizorekebisha mwenyewe zitakuja kwenye faili dogo la JSON kando ya picha, kwa hiyo usiyafute hayo ukidhani ni takataka.

Na pale ambapo hakuna chochote kilichopatikana, rudi kwenye zile folda za .lrdata. Kama wakati wa kuingiza harusi hizo uliweka alama kwenye Smart Previews, Lightroom ina nakala ndogo ya kila picha yenye piseli zaidi ya 2500 upande mrefu, na unaweza kuitoa kama JPEG pamoja na marekebisho yako hata asili isipokuwepo. Kwa uchapaji mzuri hiyo inatosha picha ya inchi 8 kwa 5 na nusu hivi. Haitoshi kwa picha kubwa ya ukutani, ila kwa albamu ya familia inatosha kabisa.

Ukifika hapa orodha yako itakuwa imepungua sana, na sasa ndiyo utoe ile diski kabatini uamue. Kuokoa data kwenye diski iliyogonga vichwa ni kazi ya maabara yenye chumba kisafi na diski za kutolea vipuri. Ni ghali na haina uhakika. Ukiipata maabara, uliza mambo matatu kabla ya kuwaachia: wanaifungulia wapi, je wanatengeneza kwanza nakala ya diski nzima na kufanya kazi juu ya nakala hiyo, na unalipa nini wakishindwa. Anayejibu kwa kusitasita, ondoka na diski yako. Ukiwapa kazi wape na orodha ya folda unazozihitaji. Kwa harusi mbili zilizobaki bila picha hata moja mimi ningelipa, kama fedha ipo, kwa sababu siku ile haipigwi tena. Kwa picha za ziada za harusi ambazo zilizochaguliwa zimepatikana, nisingelipa.

Kuhusu kesho. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh inasema nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya nyumba. Kwa kazi yako ningeipanga hivi: diski ya SSD ya kufanyia kazi, kwa sababu haina sahani za kugongana ikianguka, kisha diski mbili za kawaida za bekapu zinazopokezana, moja kwako na nyingine kwa dada au mama, ndani ya mfuko uliofungwa wenye vile vipakiti vya kukausha unyevu, maana hewa ya chumvi inakula vichomekeo. Mtandaoni usijaribu kupandisha vyote. Terabaiti 1.2 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya siku 20 mfululizo, usiku na mchana. Pandisha picha zilizochaguliwa tu, za kila harusi, pamoja na katalogi. Ile bekapu ambayo Lightroom inakuuliza unapoifunga ni ya katalogi peke yake, haibebi picha hata moja. Na kadi isifomatiwe mpaka harusi iwe imekaa mahali pawili ambapo umepafungua ukaona.

Kila baada ya miezi mitatu chukua folda moja kutoka kwenye diski iliyo kwa dada, irudishe kwenye laptopu, uzifungue picha zake kwa ukubwa kamili. Anza na za 2015, kwa kuwa hizo ndizo zimekaa muda mrefu zaidi bila kusomwa.